Kabureta mbili kwenye Beetle 1600: nafasi ni ndogo, anza na mpangilio

Ukifungua boneti ya nyuma ya Beetle unaweza kudhani nafasi ipo ya kutosha. Kabureta moja imekaa katikati, juu ya silinda hedi kulia na kushoto kuna uwazi, unajiambia mbona kabureta mbili hapa zinaingia tu. Na zinaingia kweli. Ila zikishaingia mkono wako ndio hauingii tena, na chochote ulichokiacha bila kumaliza huko chini, iwe plagi, iwe nati ya manifodi, iwe tundu kwenye bati, kinabaki huko mpaka ufungue kila kitu upya. Ndio maana nimeamua kuandika kwa urefu, maana wengi wanaoniuliza wanataka kujua wanunue kabureta gani, wakati kwangu mimi kabureta yenyewe ndio sehemu rahisi, unalipa unaletewa. Kazi iko kwenye mpangilio wa kufunga, kipi kinaanza kipi kinafuata, halafu iko kwenye fimbo inayounganisha hizo kabureta mbili zifunguke kwa pamoja. Hiyo fimbo nitaiongelea sana.

Gari yangu ni Beetle ya 1972, 1600, zile silinda hedi za matundu mawili (kila hedi ina matundu mawili ya kuingizia mchanganyiko), nipo Arusha. Injini ndani haijaguswa, pistoni ni zile zile za milimita 85.5 na stroku ya 69, yaani cc 1584, nguvu ya farasi 50 ilipotoka kiwandani. Kabureta iliyokuwepo ni Solex 34 PICT na ilikuwa nzima kabisa, haikuwa na ugonjwa wowote. Nilichokuwa nataka ni kupanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu bila kurudi gia namba mbili kila kona huku malori yananipumulia nyuma.

Sasa kwanini mbili? Fuatilia petroli inavyosafiri utaelewa. Kwenye Beetle ya kawaida kabureta iko katikati na silinda ziko mbali, mbili kulia mbili kushoto, kwahiyo mchanganyiko wa hewa na petroli unatoka pale katikati, unapita kwenye bomba refu jembamba la manifodi, ndio unafika kwenye hedi. Njiani petroli inapoa, inashika kuta za bomba, inakuwa matone badala ya mvuke. Kiwanda kilijua hilo, wakapitisha kibomba cha moshi wa ekzosi chini kabisa ya kabureta kwa ajili ya kupasha joto. Ni akili nzuri sana, shida ni kwamba kwenye gari za umri huu kile kibomba kimeshaziba masizi kitambo. Asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha, ile ya ukungu, gusa manifodi gari ikiwa inaunguruma, utakuta ina jasho na ni ya baridi kama imetoka kwenye friji. Injini inakohoa mpaka ipate moto.

Ukiweka kabureta juu ya kila hedi ule umbali wote unakufa. Mchanganyiko unashuka moja kwa moja umbali wa kiganja na kitu kidogo tu, joto la hedi liko pale pale. Na sio wazo la vijana wa mitandaoni, Oettinger kule Ujerumani alikuwa anauza vifaa vya kabureta mbili vya Beetle tangu miaka ya 1950, na Volkswagen wenyewe mwaka 1963 walipotoa Type 3 ile 1500 S, gari yao nyingine yenye injini ya aina hii hii, walifunga kabureta mbili, farasi zikatoka 45 mpaka 54 kwenye injini ya ukubwa ule ule (na kompresheni waliipandisha pia, tuwe wakweli). Kwahiyo injini hii ikipewa hewa inaitumia. Wazee wa huku tunaijua Beetle kwa Safari Rally, ilishinda 1954, 1957 na 1962, enzi zile mashindano yanakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilishinda kwa injini ndogo kuliko hii yangu, kwa hiyo sisemi kwamba ilivyotoka kiwandani ni mbovu. Ni imara kupita kiasi. Inapumua kwa shida tu.

Kwenye kuchagua nilikuwa kati ya Weber 34 ICT na Weber 40 IDF. IDF ni kabureta tamu, kila moja ina koo mbili (koo ni ile njia ya hewa katikati ya kabureta), maana yake kila silinda inapata koo yake, lakini ni ndefu na pana na ukiweka eya klina juu yake unaanza kugombana na hinji za boneti na zile springi zake. Na injini yenye kamshafti ya kiwandani haiwezi kuzimaliza, unakuwa umenunua uwezo usioutumia. 34 ICT ina koo moja kila upande, ni fupi, inakaa chini ya boneti bila kukata bati. Mzee mmoja fundi wa Unga Limited ambaye amezifanya hizi gari tangu ujana wake nilimpelekea picha za zote mbili, nikamuuliza, Mzee unaonaje, akazitazama kidogo akasema "Mwanangu, hiyo kubwa ni ya mtu aliyefungua injini yote. Wewe chukua ndogo, ila hakikisha zinapumua sawa." Nikachukua ndogo.

Kabla kitu chochote hakijagusa gari nilimaliza kila kinachoweza kumalizika mezani. Kabureta mpya haimaanishi kabureta safi, ndani unaweza kukuta vumbi la kiwandani, unga wa chuma, jeti (kile kitundu kinachopima petroli) haijakazwa. Nilizifungua zote mbili, nikapuliza kila tundu, nikapima floti, yale maboya ya petroli, zikae usawa mmoja, nikalinganisha namba za jeti za kulia na za kushoto moja baada ya nyingine. Hili la namba lifanye hata kama boksi ni jipya. Halafu shika ekseli ya kipepeo, kile kibati cha ndani ya koo kinachofunguka ukikanyaga akseleta, itikise juu chini, kama inacheza hewa itaingia pale pembeni na hutakaa uipate sailensa iliyotulia (yaani injini kuunguruma bila kukanyaga akseleta), utahangaika na skrubu mpaka uchoke. Weka pia kabureta juu ya manifodi yake na gasketi katikati, mezani, uone kama tundu la gasketi linalingana na tundu la manifodi, mara nyingi gasketi inachungulia ndani kwa milimita moja au mbili. Kata kwa kiwembe. Dakika kumi mezani, ukija kugundua ndani ya gari ni shughuli nyingine.

Injini ndani ya gari au nje? Beetle injini inashikwa na bolti nne tu, inashuka chini kwa jeki, na uzito wake ni zaidi ya kilo mia. Ushauri wangu, kama una sehemu ya kushushia na mtu wa kukusaidia, ishushe. Sio kwamba haiwezekani ikiwa ndani, inawezekana, watu wanafanya kila siku, lakini kuna vitu viwili vinavyorukwa injini ikiwa ndani na vyote viwili vinahusu joto.

Cha kwanza ni yale matundu ya kile kibomba cha kupasha joto. Ukitoa manifodi ya katikati, kwenye ekzosi kulia na kushoto zinabaki flenji mbili wazi, zinatoa moshi na kelele. Lazima uzizibe na vibati vya chuma na gasketi ya ekzosi, bolti mbili mbili. Hilo wengi wanalikumbuka kwa sababu kelele inawakumbusha. Cha pili hakina kelele, ndio maana kinasahaulika, ni matundu yaliyobaki kwenye bati lenyewe pale kibomba kilipokuwa kinapita. Bati zinazozunguka injini ya Beetle sio urembo. Zinatenganisha dunia mbili, juu hewa ya baridi ambayo feni inaivuta, chini hewa ya moto iliyokwisha pita kwenye silinda na joto la ekzosi. Ukiacha tundu hata la ukubwa wa shilingi mia, feni inavuta joto kutoka chini na kulirudisha kwenye silinda. Injini hii haina rejeta, haina maji, hewa ndio kila kitu. Nilikata vipande vya bati nikavifunga kwa skrubu, halafu nikabadilisha na ile raba ndefu inayozunguka chumba chote cha injini maana ya kwangu ilikuwa imekauka mpaka inapukutika. Kama unasoma hapa na tayari una kabureta mbili, nenda kapige tochi pale chini uangalie hayo matundu. Nimeona gari zaidi ya moja mjini hapa zina kabureta nzuri za bei na matundu wazi, mwenye gari analalamika oili inachemka.

Baada ya hapo plagi. Funga plagi mpya kabla ya manifodi, hasa zile mbili za mbele, namba moja na namba tatu, kwa sababu manifodi ikikaa juu unabaki unatafuta uzi wa plagi kwa kupapasa, na hedi ni ya aluminiamu, ukiingiza plagi upande uzi unakufa. Mkono kwanza, spana baadaye. Na waya za plagi zipitishe ukijua fimbo ya akseleta itakuja kupita wapi. Tapeti pia pima kabisa hapo, injini ikiwa baridi, 0.15 mm, kwa sababu hakuna maana ya kutuni kabureta juu ya valvu ambazo hazijakaa sawa.

Manifodi sasa. Hapa ndipo nafasi inapokuwa ndogo kweli. Nati za nje unazifikia, za ndani ziko kwenye kona kati ya manifodi na kava la feni, huzioni, unazijua kwa ncha ya vidole tu. Kabla sijaweka chochote niliziba matundu ya hedi kwa kitambaa safi, kikubwa kiasi kwamba hakiwezi kuzama, kwa sababu nati ikidondoka mle inaenda kulala juu ya valvu na hapo hedi inatoka. Kile kitambaa unakitoa mwisho kabisa, sekunde ile ile unayoshusha manifodi. Kwenye ile nati ya ndani unachukua kipande cha karatasi, unakiweka kwenye soketi, unasukumizia nati juu yake inabana, haidondoki hata ukiigeuza kichwa chini. Unaipeleka kwenye stadi, unaizungusha kwa vidole kwenye eksitensheni mpaka ishike uzi wenyewe, ndipo unaweka mkono wa rachet. Usikaze upande mmoja ukamaliza. Kaza kidogo huku, kidogo kule, gasketi ilale yote kwa pamoja, ukomo ni kama 20 Nm, hizi ni stadi ndogo na zimekaa kwenye aluminiamu ya miaka hamsini. Gari ikishapata moto na kupoa mara kadhaa rudia kukaza, gasketi huwa inakaa na nati inalegea kidogo.

Nasisitiza gasketi kwa sababu hewa ya wizi, ile inayopenya pembeni bila kupita kwenye kabureta, kwenye kabureta mbili inadanganya sana. Kwenye kabureta moja injini nzima inamisi, unajua kuna tatizo. Kwenye mbili upande mmoja unakuwa na hewa nyingi, mwingine uko sawa, sailensa inapanda na kushuka, unadhani ni skrubu, unazungusha skrubu siku nzima. Puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo pembeni ya gasketi injini ikiwa inaunguruma na ikiwa ya baridi, mbali na ekzosi, raundi zikibadilika umeipata.

Haya, fimbo. Kabureta zimekaa, moja kulia moja kushoto, kati yao kuna kava la feni, alteneta, koili na puli. Kebo ya akseleta ni moja tu na inatokea kwenye kava la feni. Kwahiyo unahitaji kitu cha kugawa mvuto wa kebo moja kwenda kwenye vipepeo viwili vilivyo mbalimbali, vifunguke sekunde ile ile, kwa kiasi kile kile, kuanzia mguu unagusa pedali mpaka pedali iko sakafuni. Kit yangu ilikuja na fimbo ya pembe sita inayolala kutoka kabureta moja mpaka nyingine, katikati ina mkono unaovutwa na kebo, na kila mwisho kuna mkono mwingine wenye kifimbo kinachoshuka kwenye kipepeo. Ukiiangalia ni kitu rahisi. Lakini mambo matatu yanaiharibu.

Joto ndio la kwanza. Silinda za Beetle zimelala kwa upande, injini ikipata moto silinda na hedi vinatanuka kuelekea nje, kulia na kushoto, na kabureta zimekaa juu ya hedi, maana yake umbali kati ya kabureta na kabureta unaongezeka. Ni kidogo kwa macho ila kwa kipepeo ni kingi. Kama fimbo umeibana kabisa ikiwa baridi, ikipata moto inavuta vipepeo au inachomoka kwenye kikombe chake. Kama umeiacha imelegea sana inacheza na upande mmoja unachelewa. Kwa hiyo inatakiwa iteleze kidogo kwa urefu wake, ile springi ndogo ya mwisho wa fimbo ndio kazi yake, usiitupe ukadhani ni ziada. Niliiacha ikiwa baridi ina mchezo mdogo wa kusikika kwa vidole, kisha nikaendesha mpaka Usa River na kurudi, nikafungua boneti injini ikiwa ya moto kabisa nikaitikisa tena, bado ilikuwa inateleza bila kukwama, nikaridhika.

La pili ni vile vifimbo vinavyoshuka. Lazima viwe na urefu mmoja na pembe moja. Sio urefu tu, pembe pia. Mkono wa kulia ukiwa umelala zaidi kuliko wa kushoto, hata kama sailensa ni sawa, ukikanyaga katikati upande mmoja unafunguka haraka kuliko mwingine, na injini yako inakuwa kama injini mbili ndogo zinazogombana. Hapo ndipo chumba kidogo kinapokutesa, kwa sababu upande mmoja kifimbo kinashuka bila kugusa kitu na upande wa pili kinataka kukwaruza waya au bomba, na kishawishi ni kukipinda au kukihamisha tundu moja pembeni ili kipite. Usihamishe fimbo. Hamisha hicho kingine. Mimi nilihamisha koili, nikaigeuza na kuisogeza kwenye kava la feni, na nikapeleka bomba la petroli njia nyingine, ila vifimbo vyangu nilivipima kwa venia kaliba vikiwa mezani na vikaingia kama vilivyo.

La tatu ni mwanzo wa kufunguka, na hapa yule mzee alinionyesha kitu ambacho nakithamini kuliko kit yenyewe. Injini imezimwa. Chukua vipande viwili vya karatasi nyembamba, ya risiti inafaa sana, weka kimoja kati ya skrubu ya sailensa na mkono wa kipepeo upande wa kulia, kingine upande wa kushoto, vibanwe. Mtu anakaa ndani anakanyaga akseleta polepole sana, wewe umeshika karatasi zote mbili, mkono huu na mkono huu, unazivuta kidogo kidogo. Zote mbili zinatakiwa kuachia pamoja. Ikitangulia moja, unazungusha kifimbo cha upande ule kidogo, unarudia. Mzee alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma, akaniambia "Usiangalie, sikiliza vidole." Ukiipata hiyo, kazi kubwa ya kusawazisha imeisha hata kabla hujawasha.

Halafu mwambie huyo aliyeko ndani akanyage mpaka mwisho, uchungulie koo zote mbili, vipepeo vyote visimame wima. Na pedali iishie kwenye kizuizi chake cha sakafuni, isiwe fimbo ndio inayozuia mguu. Springi za kurudisha weka kila kabureta yake, mbili, usitegemee moja ya katikati, kwa sababu kifimbo kikichomoka upande mmoja unataka kipepeo kile kijifunge chenyewe, sio kibaki wazi uko kwenye mteremko.

Petroli nitaisema kwa kifupi ila naomba uisome mara mbili. Beetle nyingi zimeungua kwa sababu ya paipu ya mafuta. Ukiweka kabureta mbili unaongeza paipu, unaongeza T, unaongeza viungio, na vyote viko juu ya injini ya moto, karibu na distribyuta. Nunua paipu ya petroli yenyewe, sio ile ya kupimiwa isiyojulikana ni ya nini, kila kiungio klipu yake, na filta isikae ndani ya chumba cha injini kabisa, ipeleke mbele chini karibu na giaboksi. Pima presha ya pampu, hizi Weber zinataka kama psi 3, pampu ikisukuma zaidi nidili ya floti inashindwa na petroli inamwagika kwenye koo. Kwenye pampu ya mekanika unaongeza gasketi chini yake presha inashuka.

Eya klina. Kabla ya kufunga boneti kwa nguvu weka vibonge vya plastisini, ile ya watoto ya kuchezea, juu ya eya klina na juu ya nati yake, funga boneti taratibu, fungua, angalia vimebonyea kiasi gani. Ikibaki chini ya nusu sentimita mimi siikubali, kwa sababu injini inacheza kwenye mpira wa giaboksi na ukipita rasta itagonga. Na hapa nataka kuitetea ile eya klina ya zamani ya oili, ile kubwa nyeusi tunayoitoa. Ilitengenezwa kwa vumbi na kwa barabara zetu ilikuwa haina mpinzani. Ukiweka hizi ndogo za kabureta mbili tumia za sponji zilizopakwa oili, na ukitoka njia za vumbi kama za Simanjiro safisha siku hiyo hiyo, usisubiri sevisi.

Kutuni kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia, na ni kwa sababu ya zile karatasi. Skrubu ya mchanganyiko mzunguko mmoja na nusu kila upande, skrubu ya sailensa iguse tu halafu nusu mzunguko, washa. 34 ICT haina choki, asubuhi unapiga akseleta mara mbili tatu ndio unawasha, na dakika ya kwanza unaishikilia na mguu. Taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) kwanza, na injini iwe ya moto kabisa kabla hujagusa skrubu yoyote. Kisha weka kipimo cha hewa juu ya koo ya kulia, soma, ya kushoto, soma, sawazisha. Kama huna kipimo, kipande cha mpira sikioni kinatosha, unasikiliza ule mlio wa hewa kila upande, sikio linatofautisha vizuri tu. Kitu cha kuangalia ni hiki, kama ili injini isizime inabidi skrubu ya sailensa uikaze zaidi ya mzunguko mmoja, acha, kuna kitu kingine, jeti ya sailensa ndogo au hewa ya wizi, kwa sababu kipepeo kikishafunguka kiasi hicho kinafunua yale matundu ya mpito na kuanzia hapo skrubu ya mchanganyiko haina kazi tena. Ukimaliza sailensa pandisha raundi 3000 uzishikilie hapo, upime tena pande zote mbili. Sailensa ikiwa sawa na 3000 haiko sawa, rudi kwenye pembe za vifimbo.

Kuhusu distribyuta, wengi wakifunga kabureta mbili wanaweka Bosch 009 ambayo haina vakyumu (kile kifaa kinachosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta), na wanapata kile kisimamo ukikanyaga kutoka sailensa, injini inasita kidogo halafu ndio inaondoka. Nilibaki na distribyuta yangu ya vakyumu maana kabureta ya kushoto ina tundu lake. Angalia tundu hilo kwenye picha kabla hujalipa.

Na jeti, jamani. Kit zinatoka na jeti za watu wanaoishi usawa wa bahari. Arusha ni kama mita 1,400, hewa hapa ni nyepesi kama asilimia 13 kuliko ya Tanga, na kabureta haijui hilo, inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Namba ya jeti kubwa ya Weber ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita, 130 ni 1.30 mm, na ukipiga hesabu kwa urefu huu 130 inashuka mpaka 125 hivi. Nairobi ni juu zaidi, wa huko washuke kidogo tena. Mimi nilishusha, plagi zikatoka nyeusi ya masizi zikaja kahawia. Lakini kumbuka kinyume chake ndio hatari, ukienda pwani na jeti za Arusha injini inakuwa na njaa ya petroli, inachoma moto zaidi, na injini ya upepo ikichoma moto zaidi haina maji ya kukuonya, hakuna geji, valvu ya ekzosi ndio inakwambia, tena kwa kukatika. Jeti za pwani ziko kwenye boksi la glavu pamoja na bisibisi yake, na nikivuka Same kuteremka nazibadilisha kabla sijafika kwenye joto la Korogwe.

Sasa hivi inapanda ule mlima wa Mto wa Mbu gia namba tatu sehemu kubwa, inashika mguu mapema zaidi, na asubuhi haikohoi tena ikishapita ile dakika ya kwanza. Petroli haijaongezeka kwa kiasi cha kunisumbua.

Kwa wale wenye 1300 na 1500 wanaouliza kama kit hii hii inawafaa, fungua kwanza uangalie silinda hedi. Kama bomba la manifodi likifika kwenye hedi linaingia tundu moja kila upande, hiyo ni hedi ya tundu moja, manifodi za kit ya matundu mawili hazikai hapo hata kwa kulazimisha. Ziko kit zake. Piga picha ya hedi yako, mtumie muuzaji, akujibu ndio au hapana ndipo utume hela.